Kuupanda Mto Sabaki: Kutoka Mambrui Hadi Ngong

Mgeni anayefika Malindi mwezi wa Desemba akiitarajia bahari ya buluu aliyoiona kwenye picha, huenda akakuta ghuba nzima imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kuanzia mlango wa mto hadi karibu na Mnara wa Vasco da Gama. Hizo si taka za mji, wala si dhoruba iliyoikoroga sakafu ya bahari. Ni udongo wa bara. Mvua za vuli zinaponyesha nyanda za juu, Mto Sabaki hujaa na kuubwaga udongo huo baharini, kaskazini kidogo ya mji, na kwa kuwa upepo wa kaskazi huwa umekwisha kushika, mkondo huusukuma kusini mpaka kwetu. Wakati wa kusi mambo hugeuka: tope la masika hupelekwa kaskazini, upande wa Ngomeni na Ghuba ya Ungwana, nasi huku tukabaki na maji meupe.

Mume wangu amekulia kwenye maji haya. Ana boti yenye kioo sakafuni, na kwa miaka mingi amekuwa akiwapeleka wageni kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo ilitengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Tope likiingia, kazi hulala, kwani hakuna atakayelipa nauli ili atazame kioo kilichofunikwa na ukungu wa udongo. Mimi ni mwalimu. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba mto wetu huitwa Athi huko unakoanzia, Galana unapopita Tsavo, na Sabaki unapotufikia, nao ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijauona mbali zaidi ya daraja la barabara ya Lamu. Shauri la kuufuata lilitoka kwake. Alikuwa amekaa barazani, boti imefungwa, akaniuliza, “Mke wangu, hivi tope hili linatoka kwa nani? Si twende tukawaone?” Tangu hapo, likizo za shule zinapokutana na msimu wa bahari chafu, sisi hufunga mizigo na kuupanda mto, kipande kwa kipande.

Tulianzia karibu, kwenye mlango wa mto. Ninawashauri wote wanaopenda kutembea waanzie hapo pia, kwa sababu ni mahali pazuri ambapo wenyeji wengi wa Malindi hupapita kwenye matatu bila kugeuza shingo. Ukifuata ukingo wa kaskazini kutoka darajani wakati bahari imekupwa, ukiwa na kijana wa kijijini anayejua ni wapi panapozamisha mguu, unatembea kati ya mto na vilima vya mchanga ambavyo upepo huvihamisha kila msimu. Viboko hukaa kwenye madimbwi ya mto, vichwa tu vikionekana, na ndiyo maana kijana huyo hakubali mtu akatize penye matete. Mbele, pale mto unapotanuka na kuwa tambarare ya tope, kuna ndege wasiohesabika: heroe wamesimama kwa mguu mmoja, membe, korongo, na vindege vidogo vya pwani vinavyokuja kutoka nchi za baridi kutafuta chakula chetu. Wote hao wameitwa na tope. Ndani yake mna vijidudu na viumbe vidogo wanavyovila, na bila mto kuleta udongo wake, ufuo huo ungekuwa mchanga mtupu.

Hapo Mambrui mchanga wenyewe humeta. Jua likiwa limeinama, ufuo wote hung'aa rangi ya dhahabu, na wageni wengine huchota na kutia kwenye chupa wakidhani wamepata mali. Nilitandaza kiganja cha mchanga huo juu ya leso, nikautenganisha kwa ncha ya kidole: punje nyeupe, punje nyeusi nzito, na kati yake magamba membamba kupita karatasi, ambayo yakigeuzwa upande mmoja hupotea na yakigeuzwa upande mwingine huwaka. Huo ni ulanga. Hauzaliwi baharini. Hutoka kwenye miamba mikongwe ya bara, na mto ndio uliousaga na kuubeba mpaka hapa. Nilifunga mchanga kidogo kwenye ncha ya leso, na mume wangu akaniuliza ninaupeleka wapi. Nikamwambia ninataka kuona kwao.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kando ya madau tulimwamkia, naye alipojua tunachokitafuta akatusahihisha kwa upole. Sisi tulikuwa tukisema tope kama watu wanaosema ugonjwa. “Maji yakiwa meupe mno, wanangu, kamba hawaji,” alisema, akaendelea kushona. Ni kweli kabisa. Ghuba ya Ungwana ni miongoni mwa sehemu zenye kamba wengi zaidi katika pwani ya Kenya, na sababu yake ni mito miwili, Sabaki na Tana, inayomwaga humo rutuba ya bara. Kwa hiyo tokea mwanzo wa safari tulijua kwamba tusiende bara kutafuta wa kumlaumu. Udongo ni riziki ya watu wa Mambrui na ni hasara ya watu wa matumbawe, na tofauti iko katika kiasi chake na mahali unapotua. Hata ufuo wa mji wa Malindi umetanuka kwa sababu ya mchanga wa mto, na hoteli ambazo zamani zilijengwa karibu kabisa na mawimbi sasa zina mwendo wa jua kali kati ya uzio wao na maji.

Mambrui ina mengine ambayo yangehitaji makala yake: kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina, na sarafu ya Kichina ya karne ya 15 iliyofukuliwa mwaka 2010 na wanaakiolojia wa Kenya na China. Tulipita tukatoa heshima zetu, tukaendelea.

Marafa iko ndani zaidi, upande wa Magarini. Ukingo wa tambarare umekatika ghafla, na chini yake kuna bonde lenye minara na kuta za udongo wa rangi nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu iliyoiva. Hadithi ya wenyeji ni kwamba hapo paliishi watu matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe wao ilhali majirani wana njaa, ardhi ikawameza, na weupe na wekundu wa kuta ni maziwa na damu. Mimi na mume wangu tulishuka kabla ya jua kuzama, joto likiwa limepungua. Aliweka kiganja ukutani, na udongo ukamomonyoka mkononi mwake bila kushurutishwa. Mvua moja tu yenye nguvu, alisema, na ukuta huu utakuwa njiani. Sikuwahi kuona mahali pengine ambapo kazi ya maji juu ya ardhi isiyo na mizizi iko wazi kiasi hicho, na ninadhani kila mtoto wa shule wa Malindi angefaa kufikishwa hapo.

Ni huko huko Magarini, Bungale, lilipo kaburi la Mekatilili wa Menza, mwanamke shujaa wa Wagiriama. Mwaka 1913 aliwalisha watu wake kiapo cha kutowatumikia Waingereza, akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurudi Ugiriamani kwa miguu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama wauhame ukingo wa kaskazini wa Sabaki, ambao ndio uliokuwa na mashamba yao mazuri. Nilipokuwa nikilalamika kuhusu kiti cha basi katika safari zetu za baadaye, nilimkumbuka bibi huyo na njia aliyoikata kutoka magharibi ya nchi, nikanyamaza.

Kutoka Malindi kuna barabara inayopita Kakoneni kwenda Lango la Sala, na hiyo ndiyo njia ya kuingia Hifadhi ya Tsavo Mashariki huku mto ukiwa karibu nawe. Tulikodi gari pamoja na dereva wa huko huko nyumbani. Mikorosho na minazi huisha, inakuja miiba na mibuyu, kisha ghafla unauona Galana ukiwa na mikoma kwenye kingo zake, mpana, wa kahawia, unatambaa bila haraka. Ng'ambo ya mto uko Uwanda wa Yatta, ukuta ulionyooka usio na kilele, ambao ni lava iliyotiririka na kuganda kwa urefu wa karibu kilomita 300 na unahesabiwa miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa sababu hujipaka udongo wa hapo. Tulipowaona wakitoka mtoni, nusu ya chini ya miili yao ikiwa imeoshwa na nusu ya juu bado nyekundu, mume wangu alicheka kwa furaha, kwani udongo waliokuwa wakiuacha majini anaufahamu vizuri.

Hifadhini mtu haruhusiwi kushuka garini ovyo, ila Maporomoko ya Lugard ni mojawapo ya sehemu chache zilizoruhusiwa. Kwa kweli si maporomoko ya maji kuanguka kutoka juu. Mto wote ule mpana unaingia kwenye miamba yenye mistari myeupe, myeusi na ya waridi, unabanwa mpaka unakuwa mfereji mwembamba unaounguruma, kisha unatokea upande wa pili kwenye kidimbwi ambamo mamba hungoja. Mawe yamechimbwa mashimo ya mviringo, laini ndani, mengine yangeweza kumficha mtoto. Mume wangu alipiga magoti kwenye moja, akatia mkono, akatoa kokoto zilizokuwa chini yake. Kokoto hizo ndizo zinazozungushwa na maji ya mafuriko mpaka zinatoboa mwamba. Kisha akanionyesha juu, mbali kuliko vichwa vyetu, manyasi makavu na vijiti vilivyonasa kwenye ufa wa jabali. Maji yalikuwa yamefika pale. Nilifungua ncha ya leso yangu, nikachota mchanga wa ukingoni na kuulinganisha na ule wa Mambrui. Ulanga ulikuwa uleule, magamba yake yakiwa makubwa zaidi, kwa kuwa bado hayajasagwa na safari iliyobaki.

Kabla ya hapo, juu zaidi, Galana huundwa na mito miwili kukutana: Athi wenye tope, na Tsavo ambao maji yake ni safi zaidi. Kwa nini mmoja uwe hivi na mwingine vile? Swali hilo ndilo lililotupeleka Tsavo Magharibi, kwenye chemchemi za Mzima. Milima ya Chyulu, ambayo kilele chake kinakaribia mita 2,200, haina mito juu yake. Ni milima ya volkano, michanga kwa umri wa milima, na mvua ikinyesha huzama yote kwenye mawe yenye matundu, ikapita chini ya ardhi na kuchujwa, kisha ikatokea Mzima ikiwa angavu. Sehemu ya maji hayo huingia kwenye bomba linaloihudumia Mombasa tangu miaka ya 1950, na yaliyobaki huteremka kuungana na Mto Tsavo. Ndugu zetu wa Mombasa wanakunywa Chyulu bila kuiona.

Huko Mzima askari wa hifadhi hukusindikiza kwa miguu kwenye kivuli cha minazi-pori na mitini, na mwisho wa njia kuna chumba kidogo chenye madirisha ya kioo chini ya maji. Tuliingia wawili tukasimama gizani. Samaki walikuja wakapanga safu mbele ya kioo, na nyuma yao, ndani ya mwanga wa kijani, tukaona miguu ya kiboko ikigusa sakafu kwa wepesi usioaminika, kama haina uzito. Mume wangu hakusema neno kwa muda mrefu. Maisha yake yote amesimama juu ya kioo akiwaeleza wengine yaliyo chini. Hapo alikuwa ndani, anatazama kwa ajili yake mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa bora kuliko zote katika safari zetu, na ningevumilia vumbi la Tsavo mara nyingine tena ili nimwone akiwa vile.

Kwa kuwa Taveta haikuwa mbali, tulikwenda pia Ziwa Chala, ingawa haliko kwenye mto wetu. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, mpakani na Tanzania, limezungukwa na kuta za mwinuko, kina chake ni karibu mita 90, na hakuna mto unaotoka humo. Asubuhi Kilimanjaro ilikuwa wazi mpaka kwenye theluji. Maji ya Chala hubadilika rangi kadiri jua linavyopanda, kutoka kijani kizito hadi buluu. Kilichonivutia zaidi ni sakafu yake. Mwaka 2016 watafiti waliitoboa na kutoa tope lililojikusanya humo tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 200,000, ili wasome ndani yake miaka ya mvua na miaka ya ukame. Udongo usiokwenda popote umegeuka kuwa kumbukumbu.

Sisi watu wa Malindi nasi tuna kumbukumbu ya namna hiyo, nayo iko baharini. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lililokua kwa karibu miaka 300. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, na udongo unaoletwa na mto huacha alama ya bariamu, aina ya metali, ndani ya tabaka hilo. Kwa karne mbili za kwanza alama hiyo ilikuwa ndogo na haikubadilika sana. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ilianza kupanda, na ikaendelea kupanda, katika miaka ileile ambapo ukoloni uliingia nyanda za juu, misitu ikakatwa, na watu wakasongwa kwenye ardhi finyu ya miteremko. Mume wangu ameelea juu ya matumbawe kama hilo tangu utotoni. Nilipomsomea habari hiyo aliomba niisome tena, taratibu.

Kwa hiyo tulipofika Kilimambogo tulikuwa tunajua tunachokitazama. Mlima huo, wenye mita 2,145, umesimama peke yake, na Mto Athi unauzunguka. Tulipanda kwa miguu tukiwa na mlinzi, kwa sababu nyati walioupa mlima jina bado wamo, na msitu wa juu ulikuwa na ukungu na ubaridi ambao mume wangu hakuwa ameufikiria. Alivaa kikoi juu ya koti la kuazima. Chini yake yapo Maporomoko Kumi na Manne. Ni mapana na yanavutia ukiyatazama kwa mbali, lakini ukiyakaribia unapokewa na povu jeupe na harufu, kwani maji hayo yamekwisha kupita Nairobi. Hatukukaa. Inaumiza kuona mto wako katika hali hiyo, na wakazi wa hapo wanaumia zaidi, maana wao hawawezi kupanda gari wakaondoka.

Kilichotutuliza kilikuwa mashamba ya upande wa Machakos. Ardhi hiyo, ambayo katika miaka ya 1930 ilikuwa ikitajwa kwa mmomonyoko mbaya kabisa, leo imekatwa matuta ya fanya juu kutoka bondeni hadi karibu na vilele: mtaro unachimbwa, udongo wake unatupwa upande wa juu, na nyasi zinapandwa kwenye tuta ili zishike. Mama mmoja alitukaribisha shambani kwake tulipoomba njia. Alituuliza tumetoka wapi, na mume wangu akamjibu, “Malindi, mama. Mwisho wa mto wenu.” Alisimama na jembe lake akatutazama kwa makini, kisha akatuongoza kutoka tuta moja hadi jingine akieleza ni lipi lililobomoka mvua iliyopita na namna alivyolijenga upya na wanawake wenzake wa kikundi. Alichimba kwa kidole pembeni mwa mtaro na kutuonyesha udongo mwekundu uliojikusanya, mbichi, laini, wenye unyevu. Mume wangu aliushika kwa heshima. Hakusema habari za boti wala za wageni. Alimwambia tu, “Ahsante kwa kuuzuia,” na yule mama akacheka, akasema anauzuia kwa ajili ya mahindi yake.

Vilima vya Ngong vilikuwa kipande chepesi kwa miguu na kigumu kwa upepo. Ukitembea mgongoni mwake, penye mitambo ya kufua umeme wa upepo, mkono wako wa magharibi ni Bonde la Ufa likishuka mpaka halionekani, na mkono wa mashariki ni Nairobi. Matone ya mvua yanayoangukia magharibi huteremka bondeni na hayafiki baharini kamwe. Yale ya mashariki huingia vijito vya Mbagathi, na Mbagathi ni mmoja wa mito inayouunda Athi. Tulisimama mguu huku na mguu kule, mume wangu akimwaga maji ya chupa upande wa mashariki na kuyasomea dua. Kesho yake tukaenda Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri unakoanzia Mto Nairobi, ambapo majani yamejisuka juu ya maji na ardhi hutikisika ukikanyaga. Maji yanayotoka pale ni safi.

Bado hatujakiona kipande cha katikati, kati ya Kilimambogo na Tsavo, ambako Athi unapita kati ya Makueni na Kitui chini ya ukuta wa Yatta, na ambako Bwawa la Thwake limekuwa likijengwa tangu mwaka 2018. Bwawa kubwa hushika maji, na hushika udongo pia. Tunataka kuuona ukuta wake, na kuwauliza wavuvi wa mto na wakulima wa kingoni wanatarajia nini, ili tukirudi tuwe na jibu la kumpelekea yule mzee wa Mambrui kuhusu kamba wake. Mume wangu amekwisha kupanga: tutaondoka kaskazi ikishika, boti ikiwa imevutwa ufuoni kupakwa rangi, na safari hii koti la baridi ni la kwake mwenyewe.